Mwamba Uliofungwa na Haki ya Mvuvi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba nchi kavu na bahari, akaitiisha bahari kwa ajili ya waja wake ili wapate humo kitoweo chao na mapambo yao, na vyombo vyao vipite juu yake wakitafuta fadhila zake. Sala na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Sahaba zake wote. Amma baad.



Ijumaa moja, katika kijiji kimoja cha pwani ya Pemba, baada ya sala kwisha na watu kuanza kutawanyika, mzee mmoja mvuvi alibaki amekaa karibu na nguzo. Tulipomaliza nyiradi alitusogelea, akatoa salamu, kisha akasema: "Maalim, mwamba wa mbele ya kijiji chetu umefungwa miezi mitatu, haingii mtu kwa chombo wala kwa miguu. Ngarawa yangu mbovu, haiwezi kunifikisha mkondoni. Juzi usiku nilikwenda na mshipi wangu ndani ya sehemu iliyofungwa, nikapata changu wanne, tukala na wajukuu. Je, nimekula haramu?"

Hatukumjibu palepale. Tulimwambia, "Mzee wetu, tupe muda." Hotuba ya leo ndiyo jawabu yake, ingawa imekuwa ndefu kuliko swali lake, na tumeona tuitoe hadharani kwa sababu tunajua kwamba wako wengi wenye swali hilohilo, ila wao hawakupata ujasiri wa kuuliza.

Kwanza na tutazame mwamba ule umefungwa kwa sababu gani. Katika vijiji vingi vya Unguja na Pemba siku hizi, na kwingineko katika pwani ya Afrika ya Mashariki, watu hukubaliana kuufunga upande mmoja wa mwamba kwa miezi kadhaa kwa ajili ya pweza. Wenye elimu ya bahari wanasema, na wavuvi wenyewe wanashuhudia, kwamba pweza wa mwamba ni kiumbe mwenye umri mfupi: huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, lakini hukua upesi mno, hata yule anayeonekana mdogo leo, akiachwa miezi miwili au mitatu, utamkuta ameongezeka uzito mara mbili na zaidi. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Huyatundika mayai yake pangoni, maelfu kwa maelfu, akakaa hapo kuyalinda na kuyapepea maji bila ya kula, mpaka yaanguliwe. Kisha yeye hufa. Basi anayemchokoa jike huyo pangoni kabla ya wakati wake huondoka na kitoweo cha siku moja, na pamoja nacho huondoka kizazi kizima.

Hapa tungependa kuliondoa wazo moja lililoenea, kwamba kufunga mwamba ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na wataalamu wenye magari. Ni kweli kwamba huko Madagascar, katika kijiji cha Andavadoaka, watu wa kabila la Vezo walianza kufunga mwamba wa pweza mwaka 2004 wakisaidiwa na wataalamu, na mafanikio yao yakawavuta wengine. Na hapa kwetu Kisiwa Panza ni miongoni mwa mahali palipoifuata njia hiyo. Lakini vipo vijiji vya kusini ya Unguja ambavyo tangu zamani vilikuwa na desturi ya kuupumzisha mwamba kwa majira, wazee wakatoa amri na wazee wakafungua. Na wakati wa kusi kali bahari ilijifunga yenyewe, kwani vyombo vya tanga havikuthubutu kutoka nje ya mwamba. Leo kuna mashine, kuna miwani ya kuzamia, kuna nyavu za nailoni zenye matundu madogo ambayo hata kidole hakipiti. Ile pumzi ambayo bahari ilikuwa ikiipata bila ya kuombwa, sasa haina budi ipewe kwa makusudi.

Ndugu Waislamu, katika Sura ya Al-A'raf, kuanzia aya ya 163, Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za mji uliokuwa kando ya bahari. Watu wake walikuwa Wana wa Israili, na waliamrishwa wasivue siku ya Jumamosi. Mwenyezi Mungu akawatia katika mtihani: siku hiyo ya katazo samaki wakija waziwazi juu ya maji, na siku nyingine hawaonekani. Nani miongoni mwa wavuvi wetu asiyeielewa hali hiyo? Kila aliyepata kupita na ngarawa pembeni mwa sehemu iliyofungwa, akawaona tasi na changu wakicheza ndani ya mstari, na huku nje dema lake limepanda tupu, anaujua mtihani wa watu wa mji ule kuliko anavyoujua mwanachuoni aliyekaa na kitabu chake ndani ya nyumba.

Wafasiri wanatueleza hila waliyoifanya. Hawakwenda baharini Jumamosi, la. Walitega mitego na kuchimba vifereji siku ya Ijumaa, samaki wakaingia Jumamosi, na Jumapili wakaenda kuwachukua, wakajidai kwamba hawakuvunja amri. Tunaisoma habari hiyo tukiwacheka, na huku wapo miongoni mwetu wanaolihamisha boya la mpaka usiku, hatua ishirini kila mara, mpaka sehemu iliyofungwa ikabaki kama ukubwa wa kitambaa cha mkono. Hapa lazima tupambanue, ili tusimdhulumu mtu. Kuvua nje ya mstari, hata ukiwa karibu nao kiasi gani, si hila. Bali ndiyo faida yenyewe ya kufunga, kwani samaki wakizidi ndani hutoka nje, na hapo ndipo wavuvi hodari huweka madema yao. Hila ni kuusogeza mstari na kuapa kwamba uko palepale.

Tena aya zinasema kwamba watu wa mji ule waligawanyika makundi matatu. Kundi moja liliasi. Kundi la pili lilikataza. Na kundi la tatu lilikaa kimya, likawauliza wale wanaokataza: ya nini kuwahangaikia watu ambao Mwenyezi Mungu atawaangamiza? Waliokataza wakajibu kwamba wanataka wapate udhuru mbele ya Mola wao, na huenda hao waasi wakaogopa. Adhabu ilipofika, Mwenyezi Mungu ametuambia kwamba aliwaokoa waliokataza, na ametuambia kwamba aliwaadhibu waliodhulumu. Ama wale walionyamaza, hakuwataja. Inapokewa kwamba Ibn Abbas (R.A.), pamoja na elimu yake yote, alikuwa akizisoma aya hizi akilia, hajui wale walionyamaza wamekuwa katika hali gani, mpaka mwanafunzi wake Ikrima akamtolea hoja kwamba watu hao waliuchukia uovu ule na kuupinga kwa kauli yao, basi bila ya shaka waliokoka, na Ibn Abbas akafurahi hata akamzawadia nguo.

Tukitaka kuona kunyamaza kunavyofanya kazi katika pwani zetu, tuitazame habari ya baruti. Sheria ya Tanzania iliipiga marufuku tangu mwaka 1970. Na juu ya hivyo, kwa zaidi ya miaka arobaini iliyofuata, kutoka Tanga mpaka Mtwara watu walizoea kuisikia milio yake mchana kweupe. Chupa moja ikitupwa mwambani huvunja matumbawe ya mita kadhaa kila upande, ikaua mkubwa na mchanga, na samaki wengi hupasuka vibofu vyao wakazama, wasiokotwe hata na huyo aliyewaua. Matumbawe yaliyochukua miaka mingi kujengeka hubaki kifusi, na kifusi kikiyumbishwa na mawimbi hakishiki kitu kipya. Wako vijana waliopoteza mikono na macho. Na kila kijiji kilimjua mpiga baruti wake: ni shemeji wa fulani, ni mtoto wa bibi fulani, naye hugawa kitoweo kwa majirani, basi nani amseme? Ni karibu na mwaka 2016 ndipo serikali iliposhika kamba kwa nguvu na milio hiyo ikapungua sana. Waliosaidia zaidi, kwa tunavyoona sisi, ni wanakijiji waliokubali hatimaye kusema jina.

Bwana Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda merikebu moja, wengine juu na wengine chini. Wale wa chini, kila wakitaka maji, huwapitia wa juu. Wakaona afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe wasimuudhi mtu. Wakiachwa, wote wataghariki. Watu wa pwani hawahitaji kufasiriwa mfano huo. Ila tunaomba mzingatie jambo moja ndani yake: wale wa chini hawakuwa waovu, walikuwa na kiu.

Na hapa, ndugu Waislamu, ndipo penye uzito wa maneno yetu ya leo. Hotuba ikiishia kwa watu wa Jumamosi na mpiga baruti, itakuwa imemtwika mzee wetu mzigo wote peke yake, na wengine wamekwenda nyumbani salama.

Waarabu walikuwa na neno himaa, lenye undugu na neno letu himaya. Katika zama za ujahili mkubwa wa kabila akifika penye malisho mazuri, hupandisha mbwa wake juu ya kilima, akabweka. Sauti ilipofika, pande zote, pote hapo pakawa pake peke yake, hakuna mwingine wa kulisha, na yeye huku akilisha pamoja na watu katika sehemu zao. Uislamu ulipokuja Bwana Mtume (S.A.W.) aliiondoa himaa ya wakubwa, ikabaki ile tu yenye maslaha ya Waislamu wote. Yeye mwenyewe aliihifadhi Naqi', karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na aliufanya mji wa Madina kuwa na eneo ambalo mawindo yake hayafukuzwi. Basi kuhifadhi sehemu ya ardhi au ya maji kwa faida ya umma si bidaa. Ni jambo lenye asili katika dini yetu. Linaloulizwa ni hili: himaa hii ni ya aina gani, ile ya umma au ile ya mbwa aliyebweka?

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa Khalifa aliihifadhi sehemu ya Rabadha, akamweka huru wake mmoja aitwaye Hunayy kuwa mlinzi. Imo katika Sahihi ya Bukhari nasaha aliyompa mlinzi huyo, nasi tunaieleza kwa maana yake. Alimwamrisha awe mpole kwa Waislamu, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Hao ni Sahaba wakubwa, mnawajua, matajiri wema. Lakini Sayyidna Umar alisema kwamba mifugo yao ikifa, wao wanayo mitende na mashamba ya kurudia, ambapo yule mwenye vichache, vikifa vichache vyake, atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa akilia. Na maji na majani ni rahisi kuyatoa kuliko kutoa dhahabu na fedha. Kisha akasema neno ambalo tungependa kila mwenye kukabidhiwa ulinzi wa bahari alisikie: kwamba watu wale wanaona amewadhulumu, kwani nchi ni yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa juu yake.

Angalieni, enyi Waislamu, jinsi mtu huyu alivyofunga na jinsi alivyofungua. Hakusema kwamba kwa kuwa maskini wana haja, himaa ivunjwe. Wala hakusema kwamba sheria ni sheria, mkubwa na mdogo wazuiwe sawasawa. Aliuacha mlango mwembamba, mwenye vichache akapita na mwenye makundi makubwa akazuiwa.

Sasa tuipime miamba yetu kwa kipimo hicho. Mwamba wa karibu ukifungwa, nani anayefungiwa hasa? Mwenye mashua na mashine atakwenda mbali zaidi, ataongeza mafuta, atarudi na samaki. Aliyefungiwa ni mwenye ngarawa mbovu, na zaidi yake ni wanawake. Bahari yao wao ni ile inayotembewa kwa miguu maji yakipwa: wanachokoa pweza kwa kijiti, wanaokota chaza na kome, wanatanda dagaa kwa nguo, na bamvua likipita ndiyo limepita, hakuna pengine pa kwenda. Na katika mikutano ya kuamua kufunga, mara nyingi wao hawamo, au wamo wamekaa nyuma. Huko huko pwani, mkaazi huyo huyo aliyeambiwa auache mwamba huuona ufuko wa babu yake umezungushiwa ua, na mlinzi amesimama. Na mchanga ni uleule ambao pono waliusaga kutoka kwenye matumbawe kwa maelfu ya miaka. (Watu husema fulani amelala kama pono, laiti wangejua kazi anayoifanya pono mchana, ya kuparua majani ya bahari yasiyafunike matumbawe, wangemheshimu zaidi.)

Tena kuna siku ya kufungua. Tumeihudhuria zaidi ya mara moja. Alfajiri ufuko umejaa watu, wenyeji na wasiokuwa wenyeji. Vyombo vimetoka vijiji ambavyo havikufunga hata siku moja. Wachuuzi wamekuja na mizani na masanduku ya barafu. Maji yanapoanza kupwa hakuna anayemsubiri mwenziwe. Saa mbili tatu tu, na subira ya miezi mitatu imekwisha. Bei huanguka kwa sababu pweza ni wengi kwa mara moja, matumbawe yamekanyagwa, na bibi aliyefika na kikapu chake akitembea pole hupata kilichobaki. Hivyo ndivyo himaa ya umma inavyogeuka, kwa saa tatu, kuwa ya mwenye mbio. Sisi si wataalamu wa uvuvi, lakini kwa kipimo cha Sayyidna Umar tungeona ni haki waendao kwa miguu waingie kwanza, siku moja au mbili, kabla ya vyombo. Na mgeni wa kijiji kingine asiingie ila kwa idhini ya waliofunga. Vipo vijiji ambavyo vimekwisha kuweka masharti ya namna hii. Na kisiwani Rodrigues, katika Mauritius, pweza walipofungwa kwa miezi miwili mwaka 2012, wavuvi walipewa kazi nyingine za ujira kwa muda ule, ikiwemo kusafisha fukwe. Hilo nalo ni kama maji na majani yaliyotolewa kabla ya mtu kufika mlangoni akilia.

Mfano wa karibu zaidi ni kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Nabii Khidhri alifika kisiwani hapo, akataka msala wa kusalia, na msala usiwepo. Akasema basi kisiwa hiki ndicho msala, kwani kimeelekea Kibla. Na Khidhri ndiye tunayemsoma katika Sura ya Al-Kahf, aliyeitoboa jahazi ya maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, ili mfalme aliyekuwa akipora kila jahazi nzima asiichukue. Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyewaita maskini watu hao wa baharini, na ubao mmoja uliharibiwa ili riziki yao yote isalimike. Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwezi wa Mei mwaka 1998. Katika eneo lote la zaidi ya kilomita mraba 20, kipande kisichofika kilomita mraba 2 ndicho kilichofungwa kabisa. Kwengine wavuvi waliendelea kuvua kwa zana zisizoharibu, na madago yao ya tangu zamani yalibaki. Masheikh, walimu wa vyuo na wavuvi walikaa pamoja kutazama dini inasema nini juu ya bahari, na wengi walioikaidi ilani ya serikali waliitii Qur'ani. Mwaka 2005 hifadhi hiyo ikaingizwa katika eneo kubwa zaidi la mkondo wa Pemba.

Hatusemi kwamba Misali hapana matatizo. Mwaka uleule wa 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya pwani zetu, ya Misali yakiwemo, yakageuka meupe na kufa. Joto hilo limerudi mara kadhaa tangu hapo, nalo linazidishwa na moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali. Mvuvi wa mshipi hana mkono ndani yake. Tunalitaja ili wale wanaowahutubia wavuvi wasizungumze nao kana kwamba kila jiwe lililokufa baharini limeuliwa na wao.

Turudi sasa kwa mzee wetu. Samaki wa baharini kwa asili yake ni halali, hata aliyekufa, hilo Bwana Mtume (S.A.W.) amelithibitisha kwa wavuvi waliomuuliza. Kwa hiyo, mzee wetu, nyama ya wale changu wanne haikuwa haramu, na wajukuu hawana lawama. Palipo na kasoro ni katika ahadi. Kijiji kilikaa, kikakubaliana, na Sura ya Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watekeleze mapatano yao. Kama ulikuwepo mkutanoni ukanyanyua mkono, basi mkono ule ni wako. Kama hukuitwa, wamekukosea wao kwanza. Lakini hata hivyo majirani zako waliokaa na njaa yao kwa miezi miwili ili mwamba upone hawakukukosea kitu, na haki yao imeguswa usiku ule.

Ama njaa, dini inaijua. Dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kadiri yake, na Sayyidna Umar huyohuyo, katika mwaka wa ukame, mwaka 18 wa Hijra, aliacha kuwakata mikono walioiba kwa njaa. Changu wanne walioliwa na watoto usiku uleule ni kadiri ya dharura. Angekuwa amevua kilo ishirini akazipeleka kwa mchuuzi wa hoteli, jawabu letu lisingekuwa hili. Lakini dharura ina sharti lake: mtu awe amekosa njia nyingine. Je, mzee huyu alikosa njia nyingine? Tulimuuliza. Akasema aliona haya kuomba.

Hapo tulinyamaza sisi. Maana msikiti tulioketi ndani yake ulikuwa na sanduku la sadaka, na fedha zilizokuwa zikikusanywa wakati ule zilikuwa za kununulia mazulia mapya. Miezi mitatu mwamba ulikuwa umefungwa, na khatibu alikuwa ameusifu mimbarini uamuzi ule, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza wenye ngarawa mbovu na wajane wanaochokoa pweza watakula nini. Kamati ya wavuvi ina daftari la faini. Hatukuona daftari la wenye haja. Zaka tunayo, sadaka tunayo, na tarehe ya kufunga hujulikana wiki nyingi kabla. Inawezekana kabisa, mwamba unapofungwa, orodha ya nyumba zitakazopungukiwa iandikwe siku hiyohiyo, na wenye mashine na wenye maduka, ambao ndio watakaofaidi zaidi mwamba ukifunguliwa, watangulie kutoa.

Tulimshauri mzee aende kwa kamati aseme alilolifanya kabla hajasemwa. Alikwenda. Mwenyekiti ni mpwa wake, na jambo hilo halikulifanya kuwa jepesi, kwani wako waliodai faini kamili na wako waliosema mzee asamehewe tu. Baada ya mabishano ya usiku mzima wakakubaliana kwamba atalipa kwa kulinda maboya siku kumi, na kwamba katika kufunga kujako utaachwa ukanda mwembamba karibu na ufuko kwa wazee wa mshipi mmoja na kwa wanawake waendao kwa miguu, bila ya nyavu wala bunduki za kuvulia. Baadhi ya vijana hawakuridhika, na mpaka tunaandika maneno haya wanasema ukanda huo utakuwa mlango wa wezi. Huenda wakawa na haki, italazimu ulindwe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi ndugu zetu walioko baharini saa hii, awarudishe salama kwa watu wao, abariki kilichomo madauni mwao na madema mwao. Awape subira waliofunga miamba yao na awape uadilifu waliokabidhiwa kuilinda. Ewe Mola wetu, tusamehe sisi, na wazazi wetu, na Waislamu wote, wanaume na wanawake, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.